Gemu za mtandaoni: Nani alipie kuziba ufa?

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa anapoamua kuikata mibuni yake iliyozeeka na kubakiza visiki, anajua anachokipoteza. Msimu unaofuata kisiki hakizai. Itambidi angoje machipukizi, achague machache yenye nguvu, ayaondoe mengine, na mavuno ya maana yatamjia baada ya miaka kama miwili. Jirani yake ambaye hakukata kitu, bali aliongeza miche mipya ukingoni mwa kibanja, ana cha kumwonyesha mgeni. Yeye aliyekata ana visiki tu, na mgeni humpa pole.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowagombanisha wachezaji wa gemu za mtandaoni duniani kote, wakiwamo vijana wanaocheza kwa simu zao Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Kundi moja linataka kampuni isimamishe kila kitu kipya na kwanza irekebishe kasoro zilizopo: mechi inayokatika katikati, mchezaji anayeganda, pointi zinazopotea. Kundi la pili linasema gemu isiyo na kitu kipya ni duka lenye bidhaa zile zile za mwaka jana, na wateja watahamia kwa mwingine.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza jambo la vijana na simu zao linaingiaje katika taarifa za soko. Linaingia kwa njia mbili. Kwanza, gemu ni biashara: kuna mwenye kibanda aliyenunua televisheni na mashine, kuna anayeuza bando, kuna kijana anayetumia akiba yake kununua sarafu za ndani ya gemu. Pili, swali lenyewe ni la kila mwenye mtaji. Shilingi ya mwisho iliyobaki mfukoni itengeneze kilichoharibika, au ilete kipya?

MABISHANO YENYEWE

Gemu ya mtandaoni haiuzwi mara moja ikaisha kama redio. Kampuni hubaki nayo. Kompyuta kubwa zinazoitwa seva huwaunganisha wachezaji, na kila baada ya wiki au miezi kadhaa kampuni hutuma apdeti ambayo mteja huipakua kwa gharama ya bando lake. Ndani ya apdeti hiyo huwamo vitu vya aina mbili. Kuna viraka, yaani marekebisho ya kasoro. Na kuna vitu vipya: timu, wachezaji, viwanja, silaha, mavazi, mashindano ya msimu.

Wanaodai viraka wana hoja nzito. Wanasema kitu kipya kilichowekwa juu ya kasoro huongeza kasoro. Mchezaji aliyepoteza mechi kwa sababu gemu iliganda haoni faida ya kupewa jezi mpya. Aidha, wao ndio wateja wa siku nyingi, waliokwisha kutumia fedha zao humo, na wanajiona kama wapangaji wanaolipa kodi huku paa likivuja.

Wanaodai vitu vipya nao hawasemi ovyo. Wanasema hakuna gemu isiyo na kasoro, na kampuni ikingoja hadi ya mwisho iishe haitatoa kitu kamwe. Wanaongeza kwamba wachezaji wengi hawaachi gemu kwa hasira. Huiacha kwa kuchoka. Aliyekasirika hulalamika, na aliyechoka huondoka kimya kimya.

Lipo pia jambo ambalo makundi yote mawili hulisahau. Watu wanaochora jezi na viwanja si wale wanaotengeneza seva. Kumwambia mchoraji aache kuchora hakumfanyi kuwa fundi wa seva, kama vile kumzuia seremala asitengeneze milango hakuzibi bomba. Kwa hiyo kampuni ikiendelea kutoa jezi mpya wakati kasoro zipo, si lazima iwe imewadharau wateja. Panapogombaniwa kweli ni kwa waandishi wa programu na wakaguzi wa kazi yao, kwa sababu hao huhitajika pande zote mbili na hawatoshi.

KIRAKA HAKINA MNUNUZI

Mzizi wa ugomvi ni jinsi kampuni inavyopata fedha. Gemu nyingi kubwa za leo hupatikana bure. Mapato hutokana na vinavyouzwa ndani yake: mchezaji nyota, vazi, nafasi ya kushiriki mashindano ya msimu. Kila kitu kipya kina bei yake, na mauzo yake yanaweza kuhesabiwa kufikia jioni ya siku kilipotolewa.

Kiraka hakina bei. Hakuna mteja anayelipa ili mechi isikatike, kwa sababu anaamini kwamba haikupaswa kukatika tangu mwanzo. Faida ya kiraka ni wateja ambao hawakuondoka, na hakuna daftari linalorekodi mtu ambaye hakuondoka. Meneja wa mauzo anapokutana na meneja wa ufundi mbele ya wakurugenzi, mmoja anakuja na hesabu ya fedha zilizoingia, mwingine anakuja na maelezo. Ni rahisi kujua nani atasikilizwa.

Hali hiyo huwa tofauti kidogo pale wachezaji wanapolipa ada ya kila mwezi. Hapo anayeondoka huonekana katika mapato ya mwezi unaofuata. Hata hivyo, kama tutakavyoona, ada peke yake haikuizuia kampuni moja ya Iceland kujenga chumba kipya wakati nyumba ina nyufa.

SOMO LA SOKA YA SIMU

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni wa gemu ya soka ya Konami ya Japani. Kwa miaka mingi vijana waliifahamu kwa jina la PES. Mwaka 2021 kampuni hiyo ililiacha jina hilo, ikaiita gemu yake mpya eFootball na kuamua kuitoa bure.

Ilitolewa Septemba 30, 2021, na siku hiyo hiyo ikawa kichekesho. Nyuso za wachezaji maarufu zilipinda, miili ilijipinda isivyo kawaida, na klabu za kuchagua zilikuwa 9 tu. Katika duka la mtandaoni la Steam, ambako wanunuzi huandika maoni yao, ilishuka na kuwa miongoni mwa gemu zilizopata maoni mabaya kuliko zote. Siku iliyofuata Konami iliomba radhi.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio. Wateja walikuwa na malalamiko ya aina mbili kwa pamoja: gemu ni mbovu, na gemu haina vitu. Kampuni ilikuwa imepanga kutoa toleo kamili Novemba 11, 2021, na toleo hilo ndilo lingeleta vitu vya kuuza. Kulikuwa na watu waliokwisha kulipia kifurushi mapema. Konami ilichagua kurekebisha kwanza. Kiraka kikubwa kilitoka mapema Novemba, toleo kamili likaahirishwa hadi majira ya kuchipua ya mwaka 2022, na waliolipia mapema walirudishiwa fedha zao. Toleo hilo lilitoka Aprili 14, 2022, na la simu likafuata Juni mwaka huo huo.

Kwa lugha ya dukani, Konami ilifunga mlango wa mauzo kwa miezi mitano hivi na kurudisha fedha za oda. Ni visiki hivyo. Kufikia mwaka 2024 kampuni ilikuwa ikitangaza kwamba gemu hiyo imepakuliwa zaidi ya mara milioni 700 duniani. Takwimu ya kupakuliwa si takwimu ya wateja wanaocheza leo, na mwekezaji asizichanganye. Lakini inaonyesha kwamba bidhaa iliyozikwa na wachambuzi Oktoba 2021 haikufa.

MSIMU ULIOAHIRISHWA

Mfano wa pili unatoka kwa Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, na gemu yake ya mapigano ya vikosi maalumu iitwayo Rainbow Six Siege, iliyotoka Desemba 2015. Mapema mwaka 2017 gemu ilikuwa inakua, lakini malalamiko ya seva na kuunganisha mechi yalikuwa mengi. Kampuni ilitangaza kwamba msimu uliokuwa umepangwa kuleta ramani mpya na wapiganaji wapya ungetumiwa kwa matengenezo. Msimu huo wa miezi 3 uliitwa Operation Health, jina lenye maana ya oparesheni ya afya.

Gharama yake ilionekana wazi. Vitu vya Hong Kong vilisogezwa mbele, na ramani ya Poland ikafutwa moja kwa moja. Wapo wachezaji waliokuwa wamelipia mwaka mzima wa vitu vipya, na walinung'unika kwamba wanalipishwa gharama za makosa ya wenyewe wenye gemu. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, gemu hiyo ilivuka wachezaji milioni 70 waliojiandikisha kufikia mwaka 2021. Si haki kusema kwamba miezi 3 ile ndiyo iliyoleta wote, kwani kulikuwa na matangazo, mashindano na punguzo la bei. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kusimamisha vitu vipya kwa msimu mmoja hakukuiua biashara, jambo ambalo mameneja wengi hulihofia.

Mfano wa tatu ni wa kampuni iliyofanya kinyume. CCP ya Reykjavik, Iceland, inaendesha gemu ya biashara na vita vya angani iitwayo EVE Online tangu mwaka 2003, na mwaka 2011 wachezaji wake walikuwa wakilipa ada. Juni 21, 2011 ilitoa toleo lililoitwa Incarna. Kitu kipya kilichotangazwa sana kilikuwa chumba kweli: mahali ambapo mchezaji aliweza kutembea, kuketi na kujitazama, pamoja na duka la mavazi. Kioo cha jicho moja cha kujipamba kiliuzwa kwa bei iliyozidi dola 60 za Marekani ukiigeuza kuwa fedha halisi. Wakati huo wachezaji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba meli zao, ambazo ndizo gemu yenyewe, zimetelekezwa na kasoro zake hazishughulikiwi.

Kilichofuata kilikuwa mgomo. Mamia kwa mamia walikusanyika katika soko kuu la gemu hiyo, mahali panapoitwa Jita, wakaishambulia sanamu iliyopo kuonyesha hasira. Wengine walisitisha ada zao. Kampuni ililiita baraza la wawakilishi waliochaguliwa na wachezaji kwenda Iceland kwa mkutano wa dharura. Oktoba mwaka huo mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, aliandika barua ya kuomba radhi, na wiki mbili hivi baadaye kampuni ikatangaza kupunguza takriban asilimia 20 ya wafanyakazi wake. Novemba 29, 2011 ilitoa toleo jingine, Crucible, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa marekebisho madogo madogo ya meli yaliyongojewa miaka. Chumba kile chenyewe kiliondolewa mwaka 2017.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. CCP iliujenga ukuta, na katika hesabu yake kulikuwamo ajira za watu.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba viraka vishinde daima. No Man's Sky, gemu ya kampuni ndogo ya Kiingereza ya Hello Games, ilitoka Agosti 2016 ikiwa na upungufu mkubwa kulinganisha na matarajio yaliyojengwa. Wateja walidai fedha zao. Kampuni haikujibu kwa viraka peke yake. Kwa miaka iliyofuata ilitoa matoleo makubwa ya vitu vipya bila kudai malipo ya ziada, na ndani ya kila toleo ikapachika marekebisho. Mwaka 2018 toleo la NEXT liliwaleta wachezaji kucheza pamoja kwa namna waliyoitegemea tangu mwanzo. Polepole maoni ya wanunuzi yaligeuka kuwa mazuri.

Mkulima wa Kagera anaujua mpango huo. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulithibitishwa mkoani mwaka 1997, na ukaangamiza mibuni ya robusta. Mti ulioambukizwa hauponi. Ushauri wa wataalamu ni kuung'oa na kuuchoma pale pale, na kutokimbilia kupanda robusta nyingine katika shimo lile lile, kwa kuwa vimelea hubaki udongoni. Anayetaka kuficha pengo haraka kwa mche wowote huuzika mtaji wake mara ya pili. Kwa upande mwingine, watafiti wa TaCRI katika kituo cha Maruku walizalisha aina za robusta zinazostahimili mnyauko. Mche wa namna hiyo ni kitu kipya na ni kiraka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya kushangilia kitu kipya, swali la kwanza ni kama kinabeba dawa ya ugonjwa wa zamani, au kinapandwa tu katika shimo la mti uliokufa.

Wengine hudhani dawa ni kura. Kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, imejaribu. Gemu yake ya Old School RuneScape, iliyoanza mwaka 2013, huwapigisha wachezaji kura kabla ya kuongeza vitu vipya. Kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji asilimia 75 ya kura kupita, na mwaka 2022 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 70. Lakini hata huko, marekebisho ya kasoro na ya kulinda usawa wa mchezo hayapigiwi kura. Kampuni huyafanya. Mwenye nyumba huweza kuwauliza wapangaji wanataka rangi gani ukutani, ila hawaulizi kama nguzo iliyoliwa na mchwa ibadilishwe.

HESABU YA KIBANDA

Sasa turudi Omurushaka. Tuchukue mfano wa hesabu tu, kila mwenye kibanda aweke tarakimu zake. Tuseme kibanda kina televisheni 2 na kinachezesha mechi 40 kwa siku kwa shilingi 500 kila moja. Mapato ni shilingi 20,000 kwa siku. Gemu ikiwa na kasoro inayoharibu mechi 1 katika kila 10, mechi 4 zitarudiwa bure. Hasara ni shilingi 2,000 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000.

Tuseme pia kwamba msimu mpya ukija na timu zilizosasishwa, unaleta mechi 4 zaidi kwa siku kwa muda wa siku 12 kabla ya upya kuzoeleka. Hizo ni shilingi 24,000, zinazokuja mara moja. Kasoro inakula shilingi 52,000 kila mwezi hadi itakaporekebishwa. Katika mfano huu kiraka kinashinda kwa mbali, ingawa kitakachojaza watu mlangoni ni tangazo la msimu mpya.

Mhasibu makini atauliza swali moja. Hasara ya mechi inayorudiwa ni kamili pale tu panapokuwa na foleni, kwa sababu aliyengoja anaweza kwenda kwingine. Kibanda kikiwa kitupu, kurudia mechi kunagharimu umeme na muda. Kwa hiyo kasoro humuumiza zaidi mwenye wateja wengi, hasa jioni na mwisho wa wiki. Mwenye kibanda kisicho na watu anaweza kuwa na haki ya kutamani vitu vipya kwanza.

Ipo tofauti nyingine ya kuzingatia. Mechi nyingi za kibandani huchezwa na watu wawili walioketi benchi moja, na hizo hazihitaji seva. Anayecheza kwa simu dhidi ya mtu wa Mwanza au Kampala anategemea seva, mnara wa simu na bando kwa pamoja. Mechi ikikatika, hana njia rahisi ya kujua aliyekosea ni nani. Kampuni ya gemu hulaumiwa kwa kosa la mtandao, na mtandao kwa kosa la gemu. Ni busara kupima kwanza: kama gemu nyingine inaenda vizuri kwenye simu hiyo hiyo saa hiyo hiyo, kasoro huenda ni ya gemu.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme wa kutoka Uganda, na katika mto Kagera mpakani mwa Kyerwa umejengwa mtambo wa Kikagati-Murongo wa megawati 14 ambao nchi hizo mbili hugawana umeme wake. Kwa mwenye mashine ya gemu, umeme kukatika wakati apdeti inapakuliwa maana yake ni bando lililoliwa bila kazi kukamilika. Apdeti kubwa huhesabiwa kwa gigabaiti, iwe imeleta kiraka au jezi. Yaani hata kiraka cha bure, kwa mteja wa Karagwe, si cha bure.

LA KUFANYA

Kwa wenye vibanda, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, pale gemu inaporuhusu kuchezwa bila mtandao, usikimbilie apdeti siku ya kwanza. Ngoja wiki moja usikie waliotangulia wanasemaje, kwani kiraka nacho huweza kuja na kasoro yake. Pili, pakua usiku kwa bando la usiku, na ukiwa na mashine zaidi ya moja usizisasishe zote kwa wakati mmoja, ili moja ibaki inafanya kazi endapo jambo litaharibika. Tatu, andika daftari la mechi zilizoharibika na sababu yake. Ndani ya mwezi mmoja utajua kama adui ni gemu, mashine, umeme au padi zilizochakaa. Nne, usiwanunulie wateja sarafu za gemu kwa wingi wakati kampuni yake inalalamikiwa kwa kasoro. Sarafu hizo hazirudishiki kirahisi.

Kwa mwekezaji mdogo, Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya gemu, lakini swali linabebeka kwenda kwa benki, kampuni ya simu, kiwanda na hata chama cha msingi cha ushirika. Unaposoma taarifa ya mwaka, ukurasa wenye picha za tawi jipya au mtambo mpya huwa mbele. Tafuta uliko mstari wa matengenezo. Kama upanuzi unakua kila mwaka na matengenezo yamesimama pale pale, faida unayoonyeshwa huenda sehemu yake imekopwa kwenye paa. Na kama taarifa inahesabu wateja waliojiandikisha, uliza ni wangapi waliotumia huduma mwezi uliopita.

Kwa wachezaji wenyewe, pengine mabishano yao yangezaa zaidi kama wangeacha kudai kila kitu kisimame. Maafisa ugani huwashauri wakulima wasikate mibuni yote kwa mwaka mmoja. Hukatwa sehemu, kama theluthi moja, na mwaka unaofuata theluthi nyingine, ili kahawa ya kuuza isikosekane nyumbani wakati visiki vinachipua. Theluthi hiyo haishindanishwi kila msimu na tamaa ya miche mipya. Imekwisha kupangwa. Mibuni ikikomaa kuzaa, zamu ya kukatwa ikifika, inakatwa, hata kama bei ya mwaka huo inavutia.

Kampuni ya gemu inaweza kuahidi vivyo hivyo: kwamba sehemu fulani ya kazi ya mafundi wake kila msimu ni ya viraka, itangazwe mapema na isiguswe na idara ya mauzo. Kiraka kikiingizwa kwenye mashindano na jezi mpya, kitashindwa kila mara, kwa sababu hakina sura wala bei. Mwenye kibanda cha Nkwenda naye anaweza kuanza leo kwa kutenga sehemu ndogo ya kila shilingi 20,000 za siku kwa ajili ya padi, nyaya na bando la apdeti, kabla hajapiga hesabu ya televisheni ya tatu.